Alichosema Léonie

Kensington, Sydney
12 Julai 2021

Mzee Murhula, shikamoo.

Hunijui. Naitwa Domina Rweyemamu, Mtanzania wa Bukoba, nasomea shahada ya uzamivu hapa chuo kikuu Kensington. Anwani yako nimepewa na Mama Concilie wa ile ofisi ya kupokea wahamiaji, Liverpool ya hapahapa Sydney. Alinipa na namba ya simu, lakini nilipopiga alipokea binti akaniambia kwa Kiingereza kwamba simu iko darasani. Nilicheka, kisha nikaelewa kwamba watoto wanasomea humo.

Natafiti uandishi wa habari wa Marekani. Nataka kujua ni watu wa tabaka gani wanaoingia kwenye vyumba vya habari siku hizi, wametoka nyumba za namna gani, na vipi maisha yao na itikadi zao vinaamua nani aandikwe na aandikwe vipi. Utauliza msichana wa Bukoba aliyeko Sydney anaitakia nini Marekani. Ni kwamba wanachoandika wao kutuhusu sisi ndicho dunia inachokisoma, na mara nyingi hata sisi wenyewe tunakisoma na kukiamini.

Mama Concilie anasema ulikuwa mkalimani wa waandishi wa Kimarekani huko Kivu kwa miaka mingi. Katika vitabu vyote nilivyopitia sijaona hata kimoja kilichomuuliza mkalimani. Nilitaka nije Smithfield tukae tuzungumze, lakini mji umefungwa kwa ajili ya korona, na ninyi wa upande wa Fairfield mmefungiwa kuliko sisi. Naomba basi uniandikie, kwa njia yoyote iliyo rahisi kwako. Sitatumia neno lako hata moja bila ruhusa yako.

Niwasalimie watu wa nyumbani kwako.

Domina


Smithfield
21 Julai 2021

Mademoiselle Domina,

Marahaba, kama mnavyosema ninyi. Kwetu Bukavu hatuamkiani hivyo, lakini nimefurahi. Tangu nivae hiki kizibao cha kung'aa cha bohari, watu wananiamkia kwa kuniuliza maboksi yako wapi.

Naandika kwa mkono. Simu ni ya binti yangu Aline mpaka saa nane, halafu ni ya mdogo wake Olivier. Tena sauti ya WhatsApp hapa kwetu, ukimtumia mtu mmoja asubuhi, jioni kanisa lote limeisikia. Karatasi inaenda kwa mtu mmoja.

Kazi yangu haijafungwa. Watu wa kule ufukweni wamekaa nyumbani wananunua baiskeli za kukanyagia sebuleni na majiko ya kuchomea nyama, na sisi wa Smithfield tunatoka ili wao wasitoke. Mke wangu Léonie anatunza wazee kwenye nyumba moja huko Liverpool. Kila siku ya tatu anapanga foleni wamtie kijiti puani kumpima korona. Helikopta ya polisi inapita juu ya paa letu. Olivier anaipungia mkono.

Umeniuliza Wamarekani. Nilifanya kazi na wengi, lakini nitakuambia wawili.

Wa kwanza ni Roy. Alikuja mwaka 1996, mtu wa makamo, mnene, baba yake alikuwa fundi wa mabasi. Chuo kikuu hakukanyaga. Alianzia kwenye mitambo ya kuchapia gazeti, akapanda taratibu mpaka akawa mwandishi. Roy alikuwa akifika mahali anauliza, "Hili lori la nani? Nani ana ufunguo wa ghala? Hawa askari wamekula nini leo?" Nilichoka kutafsiri maswali yake. Lakini alipomaliza wiki moja alijua kwa nini vita viko pale na si kilima cha pili.

Wa pili ni Colin, mwaka 2004. Kijana wa miaka ishirini na nane, baba yake jaji, mama yake profesa, yeye mwenyewe ametoka kwenye chuo ambacho hata mimi nilikuwa nimekisikia. Usinielewe vibaya. Colin alikuwa na moyo mwema. Alivua viatu vyake akampa mtu njiani. Lakini alishuka kwenye ndege na habari yake imekwisha kuandikwa, ikabaki kutafuta watu wa kuijaza. Aliniambia, "Murhula, nahitaji mama aliyepoteza yote lakini bado ana heshima yake." Nikajiuliza, na yule aliyepoteza mpaka heshima nimpeleke wapi?

Roy baadaye alinitumia kadi. Gazeti lake lilipunguza watu, akaondoka na wale wazee wenzake wote. Colin nasikia sasa ni mkubwa.

Leo niishie hapa. Léonie anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri.

Murhula


Kensington
29 Julai 2021

Mzee wangu Murhula, shikamoo tena.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimemsomea na Chepkoech, Mkenya ninayeishi naye, akasema, "Huyu mzee ako na akili kushinda maprofesa wako wote."

Roy na Colin ndio tasnifu yangu yote. Zamani magazeti ya kule yaliuzwa kwa wafanyakazi pia, na waandishi wengi walikuwa watoto wa wafanyakazi. Halafu wenye matangazo wakataka wasomaji wenye uwezo tu, na kazi ikawa ya watoto ambao wazazi wao wanaweza kuwalisha mwaka mzima wakijifunza bila mshahara. Leo wa kushoto na wa kulia wanatukanana kila siku kwenye runinga, lakini wengi wao wamesoma vyuo vya aina moja na wanakaa mitaa ya aina moja. Huwezi kumkuta kati yao mwenye jirani anayesukuma maboksi. Wanabishana juu ya watu wa chini kama watu wanaobishana juu ya hali ya hewa ya nchi wasiyowahi kufika.

Sasa nikuulize jambo. Nimeingia kwenye hifadhi ya magazeti nikaitafuta habari ya Colin, nikaipata. Ni ya Julai 2004, kutoka kambi moja Kalehe, huko kwenu Kivu. Kuna mama wa miaka ishirini na nne ambaye mtoto wake alifia mikononi mwake kwa homa, wakiwa njiani. Wasomaji wengi waliandika barua gazetini kwamba walilia. Je, ni wewe uliyemtafsiria yule mama? Unamkumbuka?

Mhariri wa jarida moja la New York, jarida la watu wa mrengo wa kushoto, amesikia utafiti wangu na anataka makala. Bado sijamwahidi kitu.

Mwambie Mama Aline nakula. Wali na maharage, na siku nikijisikia tajiri, parachichi.

Domina


Smithfield
8 Agosti 2021

Binti yangu Domina,

Nimechukua siku nyingi kujibu. Juzi wanajeshi walipita mtaani pamoja na polisi wakigonga milango kuona kama watu wako ndani. Vijana wapole, walisema habari za asubuhi. Lakini Léonie alikuwa amekwisha kuingia chini ya meza. Alitoka akapangusa vumbi gotini, akaendelea kukunja nguo.

Ndiyo, ni mimi niliyetafsiri. Na yule mama namkumbuka, maana sasa hivi yuko jikoni. Ni Léonie.

Nitakuandikia alichosema siku ile, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu, nami ninazeeka.

Risasi zilianza mchana. Mama yake Léonie alikuwa amevunjika nyonga, na mtoto wake, Nsimire, miaka mitano, alikuwa amelazwa kituo cha afya kwa homa. Hakuweza kuwabeba wawili. Muuguzi akamwambia, "Mbebe mama yako, sisi wagonjwa tutawaleta kwa lori." Léonie akamwambia mtoto, "Nakuja." Akambeba mama yake. Lori halikuja. Njia ikafungwa wiki tatu. Aliporudi kituo kilikuwa kitupu, na hakuna aliyejua lolote.

Hayo ndiyo aliyosema. Sasa sikiliza nilichosema mimi. Nilimwambia Colin kwa Kiingereza, "Mtoto wake aliumwa homa, akafia mikononi mwake."

Wiki moja kabla yake Colin alimhoji mama mwingine aliyeacha mtoto. Alimuuliza, "Kwa nini hukumchukua?" Yule mama akanyamaza mpaka tukaondoka. Usiku ule Colin aliniambia kwamba mhariri wake ameikataa, kwamba wasomaji lazima wampende mama kwanza ndipo walie naye. Basi nilipomwona Léonie amekaa juu ya jiwe pale kambini, sikutaka aulizwe swali lile. Nikamtengeneza mama wanayeweza kumpenda. Nilidhani namkinga. Labda pia nilitaka Colin afurahi anichukue tena safari ijayo. Sijui kiasi gani ni hiki na kiasi gani ni kile.

Lakini kuna la pili, na ndilo linaloniamsha. Habari ilipotoka, walikuja kambini watu wa kutafuta watoto waliopotea. Walikuwa na majina, walikuwa wamelisoma gazeti, na kambi nzima ilijua Mzungu alimhoji nani. Kwenye orodha yao, mbele ya hema la Léonie, waliandika kwamba mtoto amekufa. Wakampita. Mimi nilikuwepo, nilikuwa mkalimani wao. Ningefungua kinywa ningekosa kazi, na Colin angeonekana mwongo. Nikanyamaza.

Baadaye nilirudi kwake na sabuni, nikarudi tena, mpaka nikamwoa. Miaka kumi na sita ya ndoa, na hajui.

Nimekuambia wewe. Isiende kwenye karatasi nyingine.

Murhula


Kensington
17 Agosti 2021

Mzee Murhula, shikamoo.

Nimeipata. Pole, na asante kwa kuniamini.

Yule mhariri amenibana. Nimempa kitu cha mwanzo tu, cha jumla, hakina majina. Nadhani mambo kama haya yakiandikwa vizuri yanaweza kusaidia wengi. Tutazungumza.

Mvua imenyesha hapa siku tatu. Tramu zinapita tupu, taa zote zikiwaka.

Domina


Kensington
31 Agosti 2021

Mzee wangu,

Wiki mbili hujajibu, na sikulaumu. Barua yangu iliyopita ilikuwa na uongo ndani yake, na nadhani uliusikia.

Nilichompelekea mhariri hakikuwa cha jumla. Siku ileile niliyopata barua yako nilikaa mezani nikaandika yote: jinsi ulivyobadili maneno ya mkeo, jinsi wale watu walivyolipita hema. Majina niliyaondoa nikajiambia hilo linatosha. Maneno elfu tatu niliyaandika kwa siku moja, kitu ambacho sijawahi kufanya, na nilipomaliza nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilicheza jikoni.

Alijibu baada ya saa mbili. Ameipenda sana. Anataka majina, anataka picha ya nyumba yenu na helikopta juu yake. Kisha akauliza, "Je, mke anajua? Kama hajui, ingekuwa na nguvu zaidi akiambiwa wakati unaandika, ili tuone anavyopokea."

Niliisoma sentensi hiyo nikamsomea Chepkoech. Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. Alisema, "Domi, hiyo stori si yako. Mrudishie mwenyewe."

Nilimwandikia mhariri kwamba naiondoa. Akakasirika, kwa adabu. Aliniambia nawanyima sauti wasio na sauti. Na kabla juma halijaisha, sijui amesikia kwa nani, akaniandikia mhariri mwingine, wa mtandao wa mrengo wa kulia. Yeye anamtaka mkimbizi wa Smithfield aliyekimbia vita akakuta wanajeshi mlangoni, ili Wamarekani waone serikali ikiachiwa inavyokuwa. Mmoja alitaka mje kuthibitisha kwamba dunia haina haki, mwenzake alitaka mthibitishe kwamba serikali ni adui. Kati yao hakuna aliyeniuliza Nsimire alikuwa mtoto wa namna gani. Na mimi pia sikukuuliza.

Baba yangu alikuwa mkaguzi wa shule, Mzee. Nimekulia nyumba yenye kabati la vitabu. Nilidhani tabaka ni jambo la Wamarekani, nami nipo tu nalipima kwa rula.

Nimefuta makala. Narudisha humu barua yako ya tarehe nane, sistahili kukaa nayo. Sidai unisamehe, lakini nakuomba.

Domina


Smithfield
10 Septemba 2021

Mademoiselle Domina,

Mimi ni Léonie, bibi ya Murhula. Niko naandika mwenyewe. Usicheke maandiko yangu, shule nilifika darasa la sita tu.

Murhula yuko hospitali toka tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane. Ni korona. Mimi ndiye niliileta nyumbani kutoka kazi. Mimi nilikohoa siku tatu nikapona. Yeye wamemulaza juu ya tumbo, wanamupa hewa na mashine. Haturuhusiwi kuingia. Kuko muuguzi moja, Mufilipino, kila siku saa kumi anaweka simu kwa sikio yake na mimi naongea. Yeye hajibu.

Barua yako ilifika nikafikiri ni ya hospitali, nikafungua. Ndani nikakuta barua mbili, moja mwandiko wa bwana yangu. Nikasoma yote mbili.

Nitakuambia vile iko. La kwanza nilijua.

Siku ile mbele ya muzungu nilitaja jina ya Nsimire mara ine. Kiingereza sikukuwa nacho, lakini jina haibadilike. Nikangoja nisikie Nsimire kwa kinywa ya Murhula. Sikusikia hata mara moja. Nikajua huyu mutu amemuficha mutoto yangu. Nikafikiri amemuficha ili wageni wasimushike na mikono yao. Ni kwa ile nilianza kumuangalia. Wakati alirudi na sabuni akisema anagawia kambi yote, niliuliza majirani. Ni mimi tu nilipata.

La pili sikulijua. Wale watu ya kutafuta watoto, siku ya pili nilienda mwenyewe kwa meza yao. Mwanaume akaangalia karatasi, akasema, "Mama, yako imekwisha." Nikarudi kwa hema. Nilifikiri wametafuta, hawakuona. Miaka kumi na saba nafikiri walitafuta.

Siku mbili sikuongea kwa simu. Siku ya tatu muuguzi akapiga mwenyewe: "Mama, leo pia hapana?" Nikasema weka kwa sikio. Nikamuambia: "Murhula, nimesoma. Pona. Pona kwanza, urudi nyumbani, kuko maneno." Nikamukasirikia pale pale, nikalia, na simu sikukata.

Wewe pia nilikukasirikia. Halafu nikafikiri, ungenyamaza, nisingejua kamwe. Sasa sijui nikuweke wapi. Kula vizuri.

Kitu moja nakuomba. Ile gazeti ya Colin uko nayo. Hakuna mutu amekwisha kunisomea. Nitumie kwa Swahili. Usiitengeneze.

Léonie


Kensington
16 Septemba 2021

Mama Aline, shikamoo.

Kila siku saa kumi nakaa dirishani nikiwafikiria, wewe na simu yako. Sijui kusali vizuri, lakini nasali.

Habari nzima ina kurasa mbili. Sehemu kubwa ni mawaziri, wakuu wa waasi, na mkutano wa amani uliokuwa ufanyike. Wewe uko katikati, mistari hii:

"Juu ya jiwe, mwanamke wa miaka ishirini na nne anatazama milima iliyomnyang'anya kila kitu. Binti yake, anasema, alikufa kwa homa mikononi mwake walipokuwa wakikimbia. Anaeleza bila machozi, mgongo umenyooka, kana kwamba huzuni ni nguo aliyozoea kuivaa. 'Nilimshika mpaka mwisho,' anasema. Mvua inaanza kunyesha. Yeye hasogei."

Ni hayo tu. Sikuongeza na sikupunguza. Jina la Nsimire halimo. Na lako halimo.

Mama, nimeuliza. Zipo ofisi za kutafuta ndugu waliopotea vitani, na bado zinapokea maombi hata baada ya miaka mingi. Mama Concilie ana fomu. Nsimire angekuwa na miaka ishirini na miwili. Sisemi ufanye, na sikuahidi kitu. Nimekuambia tu kwa sababu umekwisha kuambiwa mara moja kwamba yako imekwisha.

Domina


Smithfield
24 Oktoba 2021

Binti yangu Domina,

Mwandiko huu ni wangu, ingawa unatetemeka kama wa babu. Nimetoka hospitali tarehe tano. Nikitembea mpaka kwenye kisanduku cha barua nakaa chini nipumzike. Bohari wamenipigia kuuliza narudi lini. Nimewaambia mapafu yangu yamechukua likizo.

Léonie alikuja kunipokea mlangoni pa hospitali. Alinifunga mkanda wa gari, akaniwekea blanketi magotini. Njia nzima alitazama barabara. Nilijua kuna jambo amelijua. Nilikuwa nimelala kule ndani kama mtu aliyezama, lakini sauti yake ilinifikia, na neno nililolisikia ni "kuko maneno." Nilifikiri nimeota.

Siku nne alinihudumia bila kuzungumza nami. Dawa kwa saa, uji, maji ya kuoga. Siku ya tano watoto walikuwa kwenye masomo yao. Akavuta kiti.

"Ulikuwa umesimama karibu na ile meza?" akauliza.

"Nilikuwa nimesimama."

"Uliniona nakuja?"

"Nilikuona."

"Ukafanya nini?"

"Nilitazama viatu vyangu."

Akanipiga. Kofi moja hapa begani, si la nguvu, na papo hapo akashtuka akanishika palepale alipopiga kuona kama ameniumiza. Tukabaki hivyo. Nikataka kusema nisamehe, akasema, "Usiseme kitu. Wewe umesema ya kutosha." Kisha akaanza kulia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia tangu nimjue, na nikaelewa kwamba miaka yote hii alikuwa analilia mtoto aliyetafutwa akakosekana. Sasa analilia wa kwake, ambaye hakutafutwa.

Hajasema amenisamehe. Nimekuwa nikingoja neno hilo, nimeacha kungoja. Jana alinikata kucha.

Wamekwenda Liverpool yeye na Mama Concilie, wamejaza fomu. Walimuuliza alama ya mwili, akakumbuka kovu dogo chini ya kidevu, Nsimire alianguka kwenye kizingiti. Alirudi nyumbani anaongea juu ya kizingiti kile jioni nzima. Sijapata kumsikia akimzungumzia mtoto kwa furaha. Watatupa jibu baada ya miezi, labda mwaka, labda hakuna jibu.

Sasa kuna ombi. Wiki iliyopita Léonie aliniita mezani, akaweka karatasi, akasema, "Andika." Akasema yote, tangu asubuhi ya siku ile. Mimi niliandika kama anavyosema. Mara mbili nilitaka kunyoosha sentensi yake, akaweka kidole kwenye karatasi. Kurasa ni kumi na moja, zimo kwenye bahasha hii.

Tunataka uziweke katika Kiingereza. Si kwa gazeti. Aline na Olivier Kiswahili wanakisikia, lakini kukisoma kinawashinda, na Léonie anasema haya hawezi kuyasema mbele yao kwa kinywa, atavunjika katikati. Mimi Kiingereza ninacho, lakini kazi hii hanipi, na ana haki.

Amekuchagua wewe. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Alinitumia gazeti kama lilivyo."

Murhula


Kensington
9 Novemba 2021

Mama Aline, Baba Aline, shikamooni.

Nimemaliza. Imenichukua siku kumi na mbili. Kuna neno la Kimashi, lugha ya kwenu, uliloacha, Mama, pale unapoelezea jinsi Nsimire alivyokuwa akilala. Sikulijua, na sikutaka kubahatisha. Nimeliacha kama lilivyo. Watoto watakuuliza maana yake na utawaambia.

Pale penye "Nakuja" nilikaa siku mbili. Kiingereza kina njia nyingi za kusema hivyo, na kila moja ni ahadi kubwa au ndogo kuliko ile uliyoitoa. Mwisho nilichagua ile iliyo fupi kuliko zote.

Nakala ni moja tu, nimeiweka humu pamoja na kurasa zenu. Kwenye kompyuta yangu nimefuta. Tasnifu yangu nimepunguza sura moja, na msimamizi wangu ananiuliza imekwenda wapi. Nimemwambia imerudi kwao.

Domina


Smithfield
28 Novemba 2021

Dada Domina,

Mimi ni Aline. Samahani Swahili yangu si nzuri. Baba amesema niandike kwa Swahili na yeye hasaidii.

Nimesoma barua ya Mama. Nimesomea Olivier pia. Tulikaa kwa gari ndani ya garaji kwa sababu hatukutaka Mama aone. Olivier aliuliza kama Nsimire alikuwa anapenda mpira. Mimi sijui. Tuliingia nyumbani tukauliza Mama, na Mama alisema hapana, alikuwa anapenda kuku, alikuwa anabeba kuku kila pahali kama mtoto. Mama alicheka. Baba alikuwa anaosha sahani, na yeye alicheka lakini hakugeuka.

Mama amesema uje Jumapili na rafiki yako wa Kenya. Utashuka basi mbele ya duka la mikate la Waashuri, mimi nitakuwa pale. Mama anapika sombe, majani ya muhogo, na samaki. Anasema wewe ni mwembamba. Hajakuona lakini anasema.

Shuleni walitupa fomu ya mwaka kesho. Inauliza uko na ndugu wangapi. Mwaka jana niliandika mmoja. Sasa nimeandika wawili. Mwalimu aliniita akauliza kama nimekosea.

Nilisema hapana. Nikamwambia jina, na nikamwandikia, kwa sababu hakuweza kulisema.

Aline